Kabichi ya Mama Pipa

Harufu yake ilitangulia kufika kila mahali. Asubuhi, kabla moshi wa jikoni haujapenya kwenye nyasi za paa, upepo ulishuka kutoka mlimani ukaibeba, ukaipitisha kwenye migomba na kuileta mpaka mlangoni petu. Ilikuwa harufu ya kitu kilicholazwa majini kikasahauliwa, kama majani yaliyoozea chini ya mvua, kama nguo ya mtoto mchanga iliyofichwa mvunguni, na juu yake kulikuwa na ukali uliochoma pua. Bibi yangu, mama yake baba, alitoka nje, akanusa, akatema mate kuelekea kule ilikotoka, ndipo akaanza kuwasalimu watu. Mimi sikuweza kutema mate. Mimi niliibeba harufu hiyo kwenye miguu yangu mwenyewe, na hata nilipoisugua kwa jivu na jiwe haikutoka. Siku hizi vijana waliosoma huniambia kwamba kabichi iliyochachushwa ni chakula cha afya, kwamba hata mataifa ya mbali huitia pilipili na kuizika kwenye mitungi, na kwamba mtu akiizoea hawezi kuiacha. Sibishani nao. Nawaeleza tu jinsi nilivyoionja mara ya kwanza, na ni nani aliyekuwa amesimama akinitazama nikiionja.

Nilizaliwa upande wa mashariki wa Mlima Meru, mahali ambapo udongo ni mweusi na ukichomeka kijiti leo, kesho kutwa kina jani. Kwetu hatukuishi kwa mvua peke yake. Tuliishi kwa mfereji. Babu wa baba yangu na wenzake waliuchimba kwa miti iliyochongwa ncha na kukomazwa motoni, wakaufuatisha mbavu za mlima kutoka mtoni kule juu msituni, wakiupindisha kwenye miamba na kuupitisha chini ya mizizi, mpaka maji yakakubali kuja nyumbani. Kila ukoo ulikuwa na zamu yake. Ilipofika zamu yetu, baba aliniamsha kukiwa kumepambazuka tu, tukaenda pamoja kufungua kijilango cha udongo na majani, nami nikasimama ndani ya maji yale baridi nikisikia yakinipita katikati ya vidole yakienda kwenye migomba. Mtoto wa kwetu alijua sauti ya mfereji kabla hajajua majina ya shangazi zake. Maji yakipungua, hata ukiwa umelala, ulijua.

Wageni walikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Walikuwa Wajerumani, lakini si kama wale wa boma la Arusha tuliowazoea, wenye viatu vya kung'aa na askari nyuma yao. Hawa walikuwa na makoti yenye viraka. Wanawake wao walijifunga vitambaa kichwani, na watoto wao walitembea pekupeku kama sisi. Baadaye tuliambiwa kwamba walitoka nchi nyingine ya baridi ambako nako walikuwa wageni, na kwamba serikali ya Wajerumani iliwaita ikawapa ardhi. Ardhi yenyewe ilikuwa yetu, ila hilo hakuna aliyetuuliza. Familia iliyopewa mahali pa juu yetu ilikuwa na mume mwenye ndevu zilizofika kifuani, tukamwita Bwana Ndevu, mke wake mfupi mpana, na binti wa umri wangu ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka kama yangu. Mwanzoni watu waliwahurumia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nasi tuliona hawa wamekuja na majembe yao, hivyo labda watakuwa majirani.

Mama yangu ndiye aliyewapelekea chakula cha kwanza. Alikata mkungu wa ndizi, akajaza kibuyu maziwa ya mgando, yale mazito yenye harufu ya moshi wa kijinga cha moto cha kusafishia kibuyu, akapanda navyo kilima nami nikimfuata. Mwanamke yule alipokea ndizi kwa mikono miwili. Kibuyu alikifungua, akakinusa, akakunja uso, kisha akakiinamisha na kumwaga maziwa yote chini mbele yetu, taratibu, huku akisema maneno ambayo hatukuyaelewa. Akamrudishia mama kibuyu kitupu. Pengine alidhani yameharibika. Pengine aliogopa sumu. Mimi nilimtazama mama, kwa kuwa sikuwahi kuona mtu akimwaga maziwa kwa makusudi, na kwetu jambo hilo halikuwa na jina. Mama alikichukua kibuyu, akakifunika, akageuka. Tulipokwisha kuuvuka mfereji akasimama.

"Umeona alivyofanya?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Basi kumbuka. Mimi nitasahau, nina kazi nyingi. Wewe kumbuka."

Msimu uliofuata, Bwana Ndevu alifyeka mteremko wote uliokuwa juu yetu na mkewe akapanda kabichi. Hatukuwahi kuona mmea wa namna ile, majani yanayojikunja na kujificha ndani ya nafsi yake kama mtu mwenye siri mbaya. Zilikuwa nyingi kuliko zinavyoweza kuliwa na familia moja, safu kwa safu, za kijani kilichopauka, na zilikuwa na kiu. Banio la mfereji wetu, yaani pale mahali maji yanapoingizwa kutoka mtoni, lilikuwa sasa ndani ya mipaka waliyochorewa. Kwanza walitupunguzia maji. Kisha wakatuachia maji ya usiku tu. Kisha, kiangazi kilipokaza, wakaziba kabisa kwa mawe na magunia ya mchanga, na mfereji wa babu zetu ukabaki kama koo la mtu aliyekufa na kiu, wazi na mkavu. Migomba ilianza kuinamisha majani. Ukipita shambani ulisikia yakisuguana kama karatasi, sauti ambayo hapo kabla hatukuwa nayo.

Baba alikwenda boma kulalamika. Alivaa ngozi yake nzuri, akachukua fimbo yake, akaondoka na wazee wawili wa ukoo. Walirudi baada ya siku kadhaa. Wale wazee walitembea mbele, na baba alitembea nyuma yao polepole, akiwa amejitanda ngozi ile ingawa jua lilikuwa kali. Bibi alipoifunua, tuliona kiboko kilivyofanya kazi yake mgongoni. Waliambiwa kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye maji, na kwamba anayetaka maji aende akaajiriwe na mwenye ardhi. Tangu siku ile baba alikaa nyumbani akitazama mlango, na sisi watoto tulijifunza kupita pembeni yake bila kuongea. Mnyonge hana haki. Methali hiyo nilikuwa nimeisikia wakubwa wakiitaja huku wakicheka katika ngano za sungura na fisi. Mwaka ule niliisikia tena, hakuna aliyecheka.

Mama hakwenda boma. Alichukua jembe akapanda moja kwa moja kwenye banio, mchana kweupe, akaanza kung'oa mawe. Wanawake wengine wa ukoo walikwenda naye, lakini waliposikia mbwa wakibweka walikimbilia migombani, mama akabaki peke yake na mimi. Hakukimbia wala hakuharakisha. Maji yalikuwa yameanza kupenya, uzi mwembamba unaong'aa, na alikuwa amelikamata jiwe kubwa kwa mikono miwili, Bwana Ndevu alipotokea na bunduki begani pamoja na msimamizi wake, nyapara Juma. Juma alikuwa mtu wa pwani aliyekuja bara na misafara, mwenye kanzu iliyochakaa na sauti kubwa. Kwake ndiko nilikojifunza Kiswahili, lugha hii ninayoandikia leo, na maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa lete, haraka na nyamaza. Kimeru alikijua kidogo, cha kutosha kutuambia mabaya.

"Bwana anasema umeharibu mali yake," alimwambia mama. "Anaweza kumpeleka mumeo boma tena. Safari hii atafungwa mnyororo."

"Mume wangu yuko nyumbani. Aliyeng'oa mawe ni mimi."

"Boma halimfungi mwanamke. Litamfunga mumeo." Juma alisikiliza maneno ya Bwana Ndevu, kisha akaendelea, "Au utamfanyia mke wa bwana kazi mpaka kabichi zote ziishe. Wewe na mtoto huyo."

Mama aliliweka jiwe chini. Sijui aliwaza nini. Akapangusa udongo mikononi, akasema, "Mtoto ana kazi gani humo?" na Juma akajibu kwamba hilo tutalijua huko huko.

Tulilijua. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na banda lenye mapipa ya mbao marefu kunizidi, ndiyo maana yule mwanamke tukampa jina la Mama Pipa. Mama na vibarua wengine walikata kabichi kwenye ubao uliotiwa visu, zikaanguka nyuzi nyuzi kama nywele za mzee. Mama Pipa alitupia chumvi juu yake, chumvi nyeupe, laini, kwa viganja vilivyojaa, na mama aliiangalia ikianguka kama mtu anayeona nafaka ikimwagwa mtoni, maana kwetu tulipata magadi ya kijivu kutoka nyikani na tuliyapima kwa ncha ya kidole. Kisha kabichi ilitiwa ndani ya pipa, nami nikatiwa ndani ya pipa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kabichi hukanyagwa ili itoe maji yake, na miguu inayofaa ni ya mtoto. Ya binti yao ilikuwa inafaa pia, lakini siku ya kwanza ilipochubuka walimtoa, wakaniweka mimi.

Kabla ya kuniingiza Mama Pipa alinisugua miguu kwa maji ya moto na brashi ngumu ya kusafishia sakafu, kati ya kila kidole, bila kunitazama usoni, kama unavyosugua sufuria. Miguu yangu ilikuwa na nyufa za kiangazi na vidonda vya funza ambao bibi yangu alikuwa amewatoa kwa mwiba. Nilipokanyaga ile chumvi nilidhani nimekanyaga makaa. Nililia. Mama aliacha kisu akanijia, Juma akamzuia kwa fimbo, akamwambia arudi kwenye ubao wake. Mama alirudi. Ila alianza kuimba, wimbo tunaomwimbia mtoto anayejifunza kutembea, ule wa hatua moja na nyingine, naye aliendelea kuuimba mchana kutwa mpaka sauti ikamkauka. Nilikanyaga kwa kuufuata. Kabichi ilipiga kelele chini yangu, kwanza kavu, halafu yenye maji, halafu maji yenyewe yakapanda yakanifika kwenye vifundo, ya uvuguvugu, ya chumvi, yakiingia kwenye kila ufa. Niliinua macho nikaona duara la mbingu na ndani yake uso wa yule binti mwenye mapengo, aliyekuja kuchungulia. Alichungulia tu, kisha akaondoka kwenda kucheza. Nimewasamehe wengi maishani. Yeye alikuwa mtoto kama mimi, na bado sijui kama nimemsamehe.

Pipa likijaa waliweka majani mazima juu, kisha kifuniko, kisha jiwe zito. Baada ya siku chache lilianza kuwa hai. Ulisikia likinong'ona lenyewe ndani ya banda, na mapovu ya kijivu yakatoka pembeni ya kifuniko, na harufu ikaanza ile safari yake ya kushuka mlima. Nyumbani watoto waliokuwa wakicheza nami walianza kuniita Miguu ya Pipa. Nilipokaribia waliziba pua. Binamu yangu mmoja aliambiwa na mama yake asile nami sahani moja, kwa sababu hakuna ajuaye nimepakwa dawa gani kule. Hata wanawake wale waliokimbia siku ya banio hawakumtazama mama machoni. Walisema amekwenda kuwatumikia waliotukausha. Mama aliyasikia. Aliwajibu jioni moja alipokutana nao njiani, akiwa na mzigo wa kuni kichwani: "Ninyi mlikuwa na miguu mizuri siku ile. Mngenikopesha miguu hiyo, mtoto wangu asingekanyaga." Hawakuongea naye tena mpaka tulipohama.

Njaa ilikuwa imeingia. Migomba iliyokufa tuliichimba tukala vigogo vyake vya chini, vinavyochemshwa muda mrefu na bado vinabaki vichungu. Ng'ombe wetu walikuwa wamepelekwa mbali kutafuta malisho, kwa hiyo maziwa hayakuwapo, na loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi, ndizi na maziwa ya mgando ambao kwetu ndio chakula chenyewe, tuliuota tu. Nasema haya ili nisidanganye. Siku Mama Pipa alipofungua pipa la kwanza, nilikuwa na njaa kiasi kwamba niliitamani hata harufu ile.

Ilikuwa adhuhuri. Aliondoa jiwe, akaondoa mapovu, akaondoa yale majani ya juu yaliyokuwa na utando, na chini yake kabichi ilikuwa imegeuka rangi ya pembe za ng'ombe mzee, ikimetameta. Alichota kwa mkono akaijaribu kwanza mwenyewe, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa mtu mwenye furaha. Alimwita mumewe akaila, wakasemezana kwa sauti ya chini, na yule mume akafuta jicho. Nadhani walikuwa wamekumbuka kwao. Kisha Mama Pipa akajaza bakuli la bati, akaliweka chini mbele ya mama na mimi, akakunja mikono kifuani, akasimama kusubiri tule. Mumewe naye alisimama. Yule binti akaja akakaa ngazini. Vibarua wengine walipewa bakuli lao, lakini macho yote ya nyumba ile yalikuwa kwetu.

"Kuleni," alisema Juma. "Bibi anasema ni chakula cha kwao, ni zawadi."

"Wewe huli?" mama alimuuliza.

"Mimi sili. Mabakuli yao hutiwa mafuta ya nguruwe." Akageuza uso.

Nilichota kwa vidole nikatia mdomoni. Kwanza ilikuwa baridi, na ubaridi ule ulikuwa mzuri. Halafu chumvi, nyingi, iliyonifanya nifumbe jicho moja. Halafu ule ukali ukaja, si ukali wa maziwa yetu ambao huja umevaa mafuta na moshi na kukukalia ulimini kama mgeni mwenye adabu. Huu ulikuja peke yake, uchi, ukachoma pembe za taya mpaka mate yakanitoka bila ruhusa, na nyuma yake kulikuwa na kitu kama harufu ya mbao mbovu, na mbegu ndogo ya kiungo chao iliyovunjika kwenye jino ikatoa ladha ya dawa ya tumbo. Ilipiga kelele nikiitafuna, kama ilivyopiga kelele chini ya miguu yangu, na hapo nikakumbuka miguu yangu. Nikakumbuka nyufa na vidonda vya funza na machozi yaliyodondokea humo. Niliinama niteme.

Mkono wa mama ulinishika kidevu, si kwa nguvu, ukafunga mdomo wangu.

"Meza," aliniambia kwa Kimeru. "Ni maji yetu hayo."

Nilimeza. Mpaka leo nikilitafuta neno la kuielezea ladha ile silipati, zaidi ya hilo alilolisema mama. Maji yaliyokuwa yanipite katikati ya vidole yakaenda kwenye migomba ya baba, walikuwa wameyafungia ndani ya majani, wakayatia chumvi, wakayawekea jiwe mpaka yakageuka uchachu, na sasa walikuwa wanatupatia sisi kama zawadi.

Ndipo mama akalivuta bakuli kwake akaanza kula. Alikula polepole, tonge kwa tonge, akimtazama Mama Pipa usoni, jambo ambalo kibarua hakulifanya. Hakukunja uso hata mara moja. Alipomaliza alilinyanyua bakuli akanywa yale maji ya chini, akapangusa mdomo, akalisukuma mbele.

"Mwambie aongeze," alimwambia Juma.

Juma alitafsiri. Mama Pipa akatabasamu, akafurahi kweli, nadhani, akajaza tena. Mama akala hilo nalo. Tumbo lake lilikuwa tupu tangu juzi, nami niliona jasho likimtoka kwenye paji la uso, lakini alilimaliza na kulisukuma tena mbele.

"Mwambie aongeze. Hilo lilikuwa langu. Sasa ninataka la mume wangu. Halafu la mama mkwe. Halafu la kila aliyekuwa na zamu kwenye mfereji. Nitamtajia mmoja mmoja."

"Siwezi kusema hivyo," alisema Juma.

"Wewe kazi yako ni kusema. Sema."

Juma alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. Na mama akaanza kutaja majina, ya walio hai na ya waliochimba, akionyesha pipa kwa kidole kila jina. Tabasamu la Mama Pipa likaondoka usoni. Alinyoosha mkono achukue bakuli, mama hakuliachia. Wakavutana, wanawake wawili wazima juu ya bakuli la bati, na mume akapaza sauti, na binti akaanza kulia kule ngazini. Mwishowe Mama Pipa alimpiga mama kofi. Mama akaliachia bakuli, likaanguka. Akasimama, akanishika mkono, tukaondoka, na kazi yenyewe ilikuwa haijaisha, na kila mtu aliyekuwa pale alijua maana yake.

Hawakumpeleka baba boma. Walifanya jambo lililo rahisi zaidi. Bwana Ndevu alimtuma Juma aje atuambie kwamba nyumba yetu iko ndani ya mpaka wake, na kwamba atakapokuja na ng'ombe wa kulima asitukute. Baba, ambaye hakuwa ameongea kwa majuma mengi, alisimama akamuuliza Juma kama amekula. Juma akasema hapana. Baba akamwambia aende basi akale kwa hao waliomtuma. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akiyasema kwenye ardhi ile. Tulifunga mizigo tukashuka kuelekea Nduruma, kwenye joto na vumbi na mbu, mahali ambapo watu wa mlimani hawakupenda kukaa. Bibi alikataa kushuka. Alisema hatakwenda kufia mahali asikojua jina la upepo. Alifia mle mle migombani, na aliyekuja kutupa habari alisema walimzika haraka, kabla jembe halijafika. Mama alipata homa ya mabondeni mwaka wa pili, ikamrudia kila masika, na masika moja haikumwachia. Nilikuwa bado sijaolewa. Hakuwahi kusema kwamba alijuta. Nilimuuliza mara moja tu, akiwa amelala, kama lile bakuli la pili alilila kwa njaa au kwa hasira. Akasema, "La kwanza kwa njaa."

Kabichi za Mama Pipa hazikudumu. Mwaka uliofuata wadudu walizimaliza, na walipokuja Waingereza na vita yao, familia zile ziliondoka na magari ya ng'ombe kama zilivyokuja. Nilitegemea nitafurahi. Lakini ardhi haikurudi kwetu. Ilipewa mtu mwingine, na yule akamuuzia mwingine, akapanda kahawa, na banio likajengewa kwa saruji. Mwenye shamba akibadilika jina, maji hayajui.

Sasa mimi ni mzee, na uhuru tumeupata, na hapa Nduruma tuna mfereji wetu tuliouchimba wenyewe tukiwa vijana. Kabichi inauzwa kila soko kuanzia hapa mpaka Arusha mjini. Wajukuu wangu wanaila na ugali, mbichi na ya kukaanga, nami nawapikia, sina ugomvi na jani. Watu husema zamani kulikuwa na dhuluma na leo tuna haki, na ninapowasikia vijana wakisema hivyo mkutanoni natamani iwe hivyo. Lakini mwaka jana maji yalikatika tena. Tulipanda juu kuangalia, wazee kwa vijana, mimi nikiegemea fimbo, tukakuta mtu ameyazuia kwa mabati na kuyavuta kwa mashine mpaka kwenye shamba lake la nyanya. Si Mjerumani. Ni kijana wa ukoo wetu, baba yake namfahamu, ana cheo katika wilaya na gari lenye turubai. Hakuja na bunduki wala nyapara. Alishuka kwenye gari, akavua kofia, akaja kwa adabu mpaka mbele yangu, akainamisha kichwa kama alivyolelewa.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Zamani nilipokuwa mtoto, adui aliongea lugha nisiyoijua, na hilo lilikuwa na unafuu wake. Huyu alisubiri jibu, kofia mkononi, akitabasamu. Wenzangu wakanitazama. Hakuna mzee anayenyima salamu, na mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kumnyima mtoto wa mtu. Nilimtazama mpaka tabasamu likamwishia, na marahaba sikumpa.